Msimamizi wa Fundi Friji

Miaka yote ya ndoa yake, fundi friji aliipeleka familia kanisani kila Jumapili, na miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka kizingiti. Alikuwa na mahali pake: ubavuni mwa kanisa, pikapu imeelekezwa getini tayari kwa kuondoka, kiti kimelazwa, redio ikinong'ona. Mkewe na watoto wakishuka, yeye husema, "Mniombee na mimi, msimsahau dereva," kisha hujifunika uso kwa kofia na kuvuta usingizi.

Hakuwa na ugomvi na Mungu. Hakuwa na ugomvi na mtu yeyote, kwa kweli. Alikuwa mtu wa maneno mengi na vicheko vingi, na karakana yake ilijaa mafriji ya watu pamoja na watu wenyewe, maana aliyekuja kuuliza friji lake limepona au bado, alijikuta amekaa juu ya kreti saa nzima akishika mbavu. Alizaliwa katika nyumba isiyosali, akakua hivyo, akaoa Mkatoliki kwa ruhusa ya askofu, na akaona yatosha. Dini ya mke ilikuwa ya mke. Yake yeye ilikuwa kuendesha gari.

Sasa, Jumapili moja ikawa zamu ya watoto kuongoza maombi. Spika ya nje ilikuwa imetundikwa ukutani, juu kabisa ya pale pikapu inapoegeshwa, na fundi alishaizoea hata haikumkatiza usingizi. Lakini siku hiyo sauti iliyotoka humo ilikuwa ya binti yake wa mwisho, kadogo kalikokuwa katika darasa la Komunyo ya kwanza.

"Tumwombee baba yangu anayekaa nje kwenye gari," binti alisema, polepole, kwa ile sauti ya kusoma. "Ee Mungu, jua lisimchome sana. Na akichoka kukaa huko aingie ndani. Nafasi ipo, sisi tunaweza kusogea. Ee Bwana..."

Na kanisa zima, wazee kwa vijana, kwaya na wahudumu wa mlangoni, likaitikia kwa sauti moja: "Twakuomba utusikie!"

Fundi aliinuka kama aliyechomwa sindano, kichwa kikagonga paa la gari. Alitazama huku na huku. Nje hapakuwa na mtu isipokuwa mlinzi wa geti, naye alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Misa ilipokwisha, watu walipita kando ya pikapu wakimpungia mkono. "Pole na jua, fundi!" "Fundi, tumekuombea!" Alicheka nao, akawarudishia utani mmoja mmoja. Mkewe alipanda mbele huku ameziba mdomo kwa leso. Binti alipanda nyuma na kuuliza, "Baba, ulisikia?"

"Nilisikia, mama. Hata waliokufa walisikia."

Alilichukua kama kichekesho, na wiki nzima alilisimulia karakanani. Lakini kila alipolisimulia, akifika pale "sisi tunaweza kusogea," sauti ilimkwama kidogo, akalazimika kukohoa. Jumapili iliyofuata akaegesha pikapu, akazima redio, akashuka. Walipofika kwenye benchi, binti alisogea kweli, akawasukuma na wenzake kwa kiwiko.

Kilichomshika fundi si mahubiri. Mahubiri siku hiyo yalikuwa marefu na spika ilikuwa ikikoroma. Kilichomshika ni kimya cha baada ya Komunyo. Watu zaidi ya mia nne wamekaa, na hakuna anayemtazama mwenzake akingoja aambiwe neno. Fundi hakuwahi kukaa mahali penye watu bila kujiona anadaiwa kicheko. Pale hakudaiwa. Alikaa, akapumua, akasikia bega lake likishuka kama la mtu aliyetua mzigo. Akarudi Jumapili ya pili, na ya tatu, na miezi ikapita. Ndipo alipomwendea paroko, aliyekuwa akifunga mlango wa sakristia.

"Padre, nataka kuingia."

"Fundi, mbona umeshaingia? Nakuona kila wiki."

"Nataka kuingia kuingia, padre."

Paroko akaacha funguo zikining'inia mlangoni, akamshika mkono kwa mikono miwili.

Akaandikishwa katika darasa la Jumamosi. Katekista, mwanamume mwembamba mwenye upole wa ajabu, akawaeleza yeye na wenzake wawili, muuguzi kijana na mzee mmoja mwashi, kwamba safari ni ya mwaka na ushei. Wataanza kwa kupokelewa mlangoni mwa kanisa kama wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kwa ubatizo, na wakijaliwa watabatizwa katika Mkesha wa Pasaka ya mwaka utakaofuata. Kila mmoja atafute msimamizi: mtu mwenye imani iliyokomaa, atakayesimama naye toka mlangoni mpaka kwenye kisima cha ubatizo.

Fundi hakufikiri mara mbili. Alikwenda kwa rafiki yake wa chanda na pete, mwenye bucha ya mtaa wa pili, Mkatoliki wa kuzaliwa.

"Mimi?" mwenye bucha alishusha shoka juu ya gogo. "Ndugu yangu, mara ya mwisho kuungama, yule padre aliyenisikiliza ameshastaafu. Mimi mwenyewe nahitaji wa kunisimamia. Tena wawili, mmoja kila upande."

"Sasa nimwombe nani?"

"Muulize mkeo. Wake wanajua kila kitu, ila hawasemi mpaka waulizwe."

Jioni, mkewe akipanga vyombo, fundi akamuuliza. Hakugeuka. "Mwombe mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu mimi."

Fundi alicheka. Kisha akaona mkewe hacheki, naye akaacha.

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Nusu ya mtaa ilipita katika mikono hiyo ikiingia duniani. Kanisani alikaa benchi la pili, upande wa kulia, na hata paroko akichelewa kuanza alimtazama yeye kwanza kabla ya kutazama saa. Na fundi alikuwa na deni naye la siku nyingi. Siku ya posa, sebule imejaa wajomba na mashangazi, mama huyo alimuuliza kijana ana dini gani. Kijana, jasho likimtiririka, mate yamekauka, akajikuta anasema, "Dini yangu ni friji, mama. Likipoa, nashukuru." Wajomba waliangua kicheko. Mama hakucheka. Tangu siku hiyo, heshima ilikuwapo, salamu zilikuwapo, wajukuu walikwenda na kurudi. Lakini alimwita "fundi", na akizungumza na bintiye alisema "yule fundi", kana kwamba walikuwa wengi na huyu ni mmoja wao tu.

Alimkuta ukumbini na ungo mapajani, anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Friji langu zima."

"Najua, mama. Sijaja kwa friji."

Alimwonyesha kigoda kwa kidevu. Fundi akakaa, magoti yakamfika kifuani. Akaanza na hali ya hewa, akapita kwa wajukuu, akazungukia bei ya gesi, mpaka mama mkwe akasimamisha vidole.

"Fundi. Mtu anayezunguka hivyo ama anataka kukopa ama ameua. Umefanya lipi?"

"Natafuta msimamizi, mama. Wa ubatizo. Nimekuja kukuomba wewe."

Vidole vikarudi kwenye mchele. Aliokota chuya moja, akaitupa, akaokota nyingine. "Unabatizwa ili mke afurahi?"

"Mke wangu hajawahi kuniomba."

"Watoto?"

"Hapana, mama. Ila mmoja alinichongea kwa Mungu, hilo siwezi kukana."

Kona ya mdomo wa mama mkwe ilitikisika, ikatulia. "Basi kwa nini?"

Fundi alifungua kinywa. Utani ulikuwa hapo hapo, mlangoni pa meno, umevaa viatu tayari kwa kutoka. Aliumeza. "Nikiwa mle ndani napumzika," alisema. "Sijui nisemeje zaidi ya hapo. Nataka kumjua aliyenipumzisha."

Mama mkwe aliuweka ungo chini. "Wewe unajua kwa nini sikukupenda?"

"Kwa sababu ya lile neno la friji."

"Nilidhani wewe ni mtu asiyeogopa kitu. Mtu asiyeogopa kitu ni hatari kumpa binti yako." Alipangusa mikono. "Lakini nimezalisha wanawake maisha yangu yote. Uchungu ukishika, wapo wanaopiga kelele, na wapo wanaocheka. Mwanzoni nilidhani wanaocheka hawaumwi. Wote wanaumwa. Imenichukua muda kujua wewe uko kundi gani."

Fundi alitazama sakafu.

"Jumamosi uje unichukue na hilo gari lako," mama mkwe alisema. "Ulitoe mavyuma. Sikai juu ya kompresa."

Siku ya kupokelewa, wakatekumeni watatu walisimama nje ya mlango mkubwa wa kanisa, kila mmoja na msimamizi wake, na waamini wamegeuza shingo mabenchini kuwatazama. Paroko alitoka na maji na msalaba. "Unaomba nini kwa Kanisa la Mungu?" aliuliza. Muuguzi alijibu, "Imani," kwa sauti nzuri. Mwashi alijibu vivyo hivyo. Fundi, aliyekariri neno hilo moja kwa wiki mbili kama mtu anayekariri namba ya simu, akaona kichwa kimekuwa cheupe. Akasikia sauti yake ikisema, "Naomba msogee."

Kicheko kidogo kilipita mabenchini, cha wale wanaokumbuka. Paroko akaitikia kwa kichwa. "Tutasogea," alisema. "Na imani?"

"Na imani, padre. Ndiyo hiyo, imani. Samahani."

Kisha ikaja ishara ya msalaba. Katekista alikuwa amewaonya: padre atasema, na msimamizi atamchora mtu wake msalaba kwa kidole gumba, kiungo kwa kiungo. Wakaanza. Paji la uso, na hapo ilibidi mama mkwe ajinyooshe kwa ncha za vidole vya miguu. Masikio, yaisikie sauti ya Bwana. Macho, yauone utukufu wake. Padre aliposema "mdomoni," mama mkwe alikandamiza kidole kuliko kote, hata fundi akahisi meno. Kifuani. Mabegani. Mikononi.

"Miguuni," padre alisema, "uenende katika njia ya Kristo."

Mama mkwe akaanza kuinama.

"Mama, acha," fundi alinong'ona haraka. Magoti ya mama mkwe yalikuwa mabovu, kila mtu alilijua hilo. Na zaidi ya magoti, palikuwa na jambo jingine zito. Mkwe wake, mtu mzima huyu, apige magoti mbele ya viatu vyake? "Mama, miguu achana nayo. Inatosha. Mungu ameona."

"Nyamaza. Lete kiatu."

Akashuka, goti moja, kisha la pili, taratibu, akishika suruali ya fundi kama mtu anayeshuka ngazi. Fundi aliona utosi wake, kitambaa cheupe kilichofungwa kwa ustadi, mvi mbili tatu zimeponyoka. Aliona kidole kikubwa kile kikichora msalaba juu ya kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, bila haraka, kama kazi inayostahili kufanywa vizuri.

Mama mkwe akajaribu kuinuka. Hakuinuka. Akajaribu tena. "Fundi," alisema kwa sauti ya chini, bado anatazama viatu, "nimekwama."

Akainama, akamshika kwapani, akamwinua kama anavyoinuliwa mtoto. Hawakuwahi kugusana zaidi ya mkono wa salamu. Walipokuwa uso kwa uso, mama mkwe aliona machozi yamefika kidevuni mwa mkwewe. Alimgeuza tu kwa bega, akamwelekeza ndani, wakaingia.

Mwaka ukaenda. Kila Jumamosi pikapu ilisimama mlangoni mwa mkunga, na mkunga alipanda mbele na mkoba wake mapajani. Darasani alikaa nyuma, na fundi akijibu kwa mzaha alisikia kikohozi kimoja kikavu, akajirekebisha. Njiani kurudi mkunga alimuuliza maswali. Zaidi alimtesa kwa ahadi za ubatizo, kwa sababu fundi hazikumkaa.

"Unamkataa shetani?"

"Namkataa."

"Na mambo yake yote?"

"Nayakataa."

"Na fahari zake zote?"

"Naikataa!"

"Zake! Zake! Nazikataa. Shetani atakuponyoka kwa sarufi, wewe."

Walicheka, wote wawili, na pikapu ikayumba kidogo. Fundi aliyaona hayo yote mazuri mno, na pengine ndiyo sababu akayaharibu.

Ilikuwa Kwaresima, zimebaki wiki chache. Alipita buchani jioni, wateja wamejaa, rafiki yake anakata na kupima. Mmoja akamtania: eti siku hizi hata ukimkuta barabarani umemkuta na mama mkwe, je, mama amehamia kwake au yeye ndiye amehamia kwa mama? Watu wakacheka. Fundi akasikia ule wito wa zamani, wa watu wanaongoja, na ulimi hauna mfupa. Akasimulia habari ya mlangoni. Akaigiza mama mkwe akishuka, goti moja, goti la pili, uso umekunjwa. Akaigiza akikwama. "Jeki mbovu, jamani! Inashuka vizuri, kupanda haitaki! Ilibaki kidogo niite wenye winchi!"

Bucha nzima ilivunjika mbavu. Mwenye bucha alishika gogo asianguke. Na kwenye foleni hiyo, mama mmoja wa jumuiya, anayesali rozari na mkunga kila Alhamisi, alipokea nyama yake, akalipa, akatoka bila kuaga.

Jumamosi fundi alisimamisha pikapu mlangoni pa mama mkwe, akapiga honi. Jirani akachungulia dirishani. "Ameshakwenda. Kwa miguu."

Alimkuta njiani, karibu na kanisa, anatembea kando ya barabara na mkoba wake, hatua fupi fupi za magoti mabovu. Akapunguza mwendo, akateremsha kioo. "Mama, panda." Hakutazama. Darasani alikaa nyuma kama kawaida. Fundi alijibu swali kwa mzaha makusudi, akangoja kikohozi. Hakikuja.

Nyumbani mkewe alishayasikia yote. "Ungemtukana ingekuwa afadhali," alisema, akaenda kulaza watoto.

Kesho yake mchana alikwenda. Mama mkwe alifungua, akamtazama toka juu hadi chini. "Umekuja kunichekesha?"

Fundi alikuwa amebeba maneno njia nzima, mazuri, yamepangwa vizuri. Yote yakamwishia pale mlangoni. Akatikisa kichwa. Mama mkwe akamwachia njia, akarudi kwenye kiti chake na ungo wake. Fundi akakaa kwenye kile kigoda. Palikuwa na sinia la mchele ambao haujachambuliwa, akalivuta, akaanza. Hakuwa na ustadi. Vidole vilivyozoea nyaya na skrubu vilikimbizana na punje. Hakusema kitu, naye hakusemeshwa. Jua lilihama toka kizingitini mpaka miguuni mwa meza. Alikuwa hajawahi kukaa kimya muda mrefu hivyo na mtu aliye macho.

"Jeki mbovu," mama mkwe alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Na winchi."

"Na winchi, mama. Nisamehe."

Alipembua ungo mara mbili, tatu. "Siku ile ulilia. Niliona. Hilo ulilisimulia buchani?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Hilo halichekeshi."

"Basi umewauzia friji bila injini. Nenda kawamalizie." Akainamia ungo tena. "Na hizo ulizotupa ni mchele mzuri. Ziokote."

Aliokota punje moja moja chini ya kigoda. Kisha akaenda buchani, kabla ujasiri haujapoa. Foleni ilikuwapo, nusu yake wale wale, na walipomwona tu walianza kutabasamu wakijiandaa. Akasimama karibu na mizani.

"Habari ile ya mama mkwe sikuimaliza," alisema. "Alipiga magoti anibariki miguu. Mimi, niliyemkosea toka siku ya kwanza. Magoti yanamuuma na alijua hatainuka, akashuka hivyo hivyo. Nikalia kama mtoto. Hilo ndilo nililowaficha, kwa sababu niliona haya. Basi."

Hakuna aliyejua la kufanya na uso wake. Mwenye bucha aliinamia gogo, akakata mfupa ambao alishaukata. Mteja mmoja akasema, "Eh." Fundi akaaga, akatoka, masikio yanamwaka moto. Rafiki yake akamfuata mpaka nje na aproni yake ya damu, akamshika bega, akataka kusema kitu, akaishia kumwambia, "Hujanunua nyama."

Jumamosi iliyofuata alipiga honi mara moja. Mama mkwe alitoka, akafungua mlango wa gari, akaketi, akaweka mkoba mapajani. "Fahari zake zote?" aliuliza, kabla hata ya kufunga mlango.

"Nazikataa, mama."

"Haya. Twende."

Mkesha wa Pasaka ulianza giza lilipoingia, uani, kwa moto. Paroko aliuwasha mshumaa mkubwa kutoka kwenye moto ule, akaingia nao katika kanisa lenye giza, na mwanga ukapita toka mshumaa hadi mshumaa, benchi hadi benchi, mpaka nyuso zote zikaonekana. Fundi alisimama mbele kabisa na shati la zamani lililoruhusiwa kulowa. Masomo yalikuwa mengi. Bahari ilipasuka, watu wakavuka. Alisikiliza yote.

Walipoitwa kisimani alijibu ahadi zote, na hakuna iliyomponyoka. Kisha akainamisha kichwa juu ya maji, na mama mkwe akaweka mkono wake wa kulia begani mwake. Maji yalikuwa baridi. Hakutegemea yawe baridi hivyo. Mara ya kwanza, kwa jina la Baba, yalimpita nyuma ya masikio. Na la Mwana, yakamwingia shingoni. Na la Roho Mtakatifu, na hapo kitu kilichokuwa kimefungwa ndani ya fundi tangu utotoni kikafunguka, akalia kwa sauti, mbele za watu, bila kujificha nyuma ya kitu chochote.

Mama mkwe alikuwa na taulo. Alimkausha kichwa kama alivyokausha vichwa maisha yake yote: haraka, kwa nguvu, nyuma ya masikio na chini ya kidevu, bila kubembeleza. Kisha akamsogelea sikioni.

"Analia vizuri," alinong'ona. "Mapafu mazima."

Fundi alicheka huku analia, makamasi na maji yakachanganyika, na mama mkwe akageuka pembeni akijifanya anakunja taulo, mabega yanamtikisika.

Wakamvisha vazi jeupe. Paroko akampaka mafuta ya krisma, harufu tamu ikabaki kwenye paji la uso. Na ulipofika wakati wa Komunyo alitembea na mkewe ubavuni, akapokea, akarudi benchini, akapiga magoti katika kile kimya. Hakuomba chochote. Alikaa humo tu, kama mtu aliyefika kwake akakuta taa inawaka.

Nje palikuwa na kelele na kukumbatiana. Mwenye bucha alikuwapo. Alisimama karibu na geti, amevaa shati lililopigwa pasi, akasema alikuwa anapita tu. Mama mkwe alipandishwa kiti cha mbele, mkewe fundi akakaa kwenye usukani kwa kuwa mumewe bado alikuwa anashikwa mkono na kila mtu, watoto wakajazana nyuma. Mke akazungusha ufunguo. Pikapu ikakohoa, ikanyamaza. Akarudia. Ikanyamaza kabisa.

"Betri," fundi alisema. "Tusukume."

"Utachafua vazi," katekista alimwonya.

"Mama," fundi aliita dirishani, "nisukume, nisisukume?"

Mama mkwe hakugeuza shingo. "Umebatizwa, hukupooza. Sukuma, baba."

Hakuwahi kumwita hivyo. Fundi alisimama kidogo, mkono dirishani, kisha akazunguka nyuma. Akasukuma yeye, akasukuma mwenye bucha, akasukuma mwashi aliyebatizwa pamoja naye, na paroko mwenyewe akakunja mikono ya kanzu, akaingia kati. Pikapu ikapita getini, ikashika mteremko, injini ikanguruma. Na mkewe, akihofia isizime tena, hakuthubutu kusimama. Fundi akaikimbilia barabarani, vazi jeupe limeshikwa kwa mikono miwili juu ya magoti, watoto wanapiga kelele za kumshangilia, na binti yake wa mwisho amenyoosha mkono nje, nyuma kabisa, anamwita, "Baba, kimbia! Kimbia, baba!"